Mashine iliyogeuka chakula: kisa cha kaya moja katika mwaka wa kwanza wa UVIKO-19

Kisa hiki ni cha kaya ya watu sita iliyofuatiliwa kwa wiki 52, kuanzia wiki ambayo shule zilifungwa na magari ya abiria yakaagizwa kubeba nusu ya viti. Majina, mahali na kila kinachoweza kuitambulisha familia vimeondolewa. Fedha zote zimegeuzwa kuwa alama: mapato ya kaya kwa mwezi wa kawaida kabla ya janga ni alama 100, na kila kiasi kingine kinapimwa kwa kipimo hicho. Takwimu zimetoka katika mahojiano ya simu na daftari la mahesabu la mama wa kaya.

Kimechaguliwa kwa sababu moja. Kwa kipimo cha chakula peke yake, kaya hii ilionekana kuanza kupona katika wiki ya 10. Ukweli ni kwamba kufikia wiki hiyo ilikuwa imeshafungwa katika hasara ambayo mwaka ulipoisha ilikuwa bado haijalipika.

Usuli

Baba alikuwa dereva wa gari la abiria la mtu mwingine, asiye na mkataba wa maandishi. Mama alikuwa fundi cherehani. Waliishi na Bibi, mama mzazi wa Baba, mwenye shinikizo la juu la damu anayetumia vidonge kila siku. Watoto walikuwa watatu: Binti wa miaka 14, mvulana wa miaka 9 na mdogo wa miaka 3.

Kati ya alama 100 za mwezi, Baba aliingiza 58 na Mama 42. Za Mama, 30 zilitokana na sare za shule na 12 na marekebisho ya nguo. Matumizi yalienda hivi: chakula 46, kodi ya nyumba 14, rejesho la mkopo 13, shule 8, nishati na maji 7, dawa za Bibi 5, akiba 4, mengineyo 3. Hapakuwa na pengo, lakini hapakuwa na nafasi ya kupumua pia. Akiba yote ilikuwa alama 3 taslimu nyumbani na 9 katika kikundi cha kuweka na kukopa.

Mkopo ndio kiini cha kisa. Miezi mitano kabla ya janga, Mama alikopa ili anunue mashine ya ovaloki kwa alama 95 na kuongeza vitambaa. Pamoja na riba alipaswa kurejesha 130 kwa wiki 40, yaani 3.25 kila wiki, akidhaminiwa na wakopaji wenzake wanne. Shule zilipofungwa alikuwa amelipa wiki 20, na deni lilikuwa 65. Ovaloki ndiyo inayokaza pindo za kitambaa ili zisifumuke, na sare isiyopita ovaloki hairudishi mteja mwaka unaofuata. Lilikuwa deni la busara kabisa. Wakati alipolichukua hapakuwa na sababu ya kuliogopa.

Namna kipato kilivyokatika

Shirika la Afya Duniani lilitangaza UVIKO-19 kuwa janga la dunia tarehe 11 Machi 2020. Kwa mwaka huo mzima, Shirika la Kazi Duniani lilikadiria kwamba saa za kazi zilizopotea duniani zilikuwa asilimia 8.8, sawa na ajira milioni 255 za muda kamili. Wastani huo unaficha jambo ambalo kila dereva wa kulipwa kwa siku analijua: abiria wakipungua nusu, kipato chake hakipungui nusu.

Hesabu iko hivi. Siku ya kawaida, kati ya kila 10 zilizokusanywa kwa nauli, 4 zilikuwa hesabu ya tajiri mwenye gari, 3 mafuta, nusu ushuru wa kituo, na 2.5 zilibaki kwa dereva. Viti vilipopunguzwa nusu zikaingia 5. Mafuta yakabaki 3, kwa sababu gari linakwenda safari ileile hata likiwa na viti vitupu. Ushuru haukushuka. Kabla ya kumfikia tajiri, zilibaki 1.5. Wiki ya kwanza Baba alirudi nyumbani akiwa anadaiwa hesabu. Baada ya mabishano tajiri alikubali hesabu ishuke hadi 1, na dereva akabakiwa na nusu, yaani sehemu moja ya tano ya alichozoea. Alama 58 zikawa 12.

Kwa Mama hapakuwa na mabishano ya kufanya: shule zimefungwa, sare hazina mteja. Marekebisho nayo yalishuka hadi 5. Jumla ya kaya ikawa alama 17 kwa mwezi.

Mfululizo wa matukio na maamuzi

Wiki ya 1 na 2. Alama 3 za nyumbani na masalio ya wateja wa sare yalitumika kulipa marejesho mawili na kununua chakula. Mama alikwenda kuomba akiba yake ya kikundi. Haikuwezekana. Fedha za kikundi zilikaa katika sanduku lenye kufuli tatu, kila ufunguo kwa mtu wake, na katiba ilitaka sanduku lifunguliwe mbele ya wanachama wote. Mikusanyiko ilikuwa imezuiwa. Kanuni iliyowekwa ili kuzuia wizi ikazuia msaada. Mfuko wa jamii wa kikundi, uliotengwa kwa ajili ya ugonjwa na msiba, ulikuwa ndani ya sanduku hilohilo.

Wiki ya 3. Marejesho yakasimama. Mama hakuieleza taasisi ya mkopo wala wadhamini wake. Sababu aliyoitoa baadaye ni aibu: wenzake wanne wangetakiwa kumlipia, na wote walikuwa katika hali kama yake.

Wiki ya 4. Milo ikashuka kutoka mitatu hadi miwili. Bibi akaanza kumeza kidonge siku moja na kuruka siku ya pili, bila kumwambia mtu. Dawa zilipodumu mara mbili ya kawaida, wote walidhani zimetolewa nyingi zaidi.

Wiki ya 5. Kodi ya mwezi wa pili ilifika. Mwenye nyumba alikubali kwa mdomo kusubiri mwezi mmoja. Wiki hiyohiyo taasisi ya mkopo ilianza kuwaruhusu wakopaji kuahirisha marejesho kwa wiki 12, mradi mkopaji aombe mwenyewe. Ujumbe ulitumwa kwa namba iliyojazwa kwenye fomu, ambayo ilikuwa ya Baba. Aliusoma nusu, akadhani ni mwaliko wa kukopa tena, akaufuta.

Wiki ya 6. Mahojiano yalitumia kipimo kifupi cha mbinu za kukabiliana na uhaba wa chakula. Huulizwa ni siku ngapi kati ya 7 zilizopita kaya imefanya kila moja ya mambo matano, kisha siku huzidishwa kwa uzito wa jambo lenyewe. Majibu yalikuwa haya:

- chakula duni kuliko kilichozoeleka: siku 7 × 1 = 7
- kuazima chakula au kutegemea wengine: siku 1 × 2 = 2
- kupunguza kiasi cha chakula kwenye mlo: siku 6 × 1 = 6
- watu wazima kujinyima ili watoto wale: siku 4 × 3 = 12
- kupunguza idadi ya milo: siku 5 × 1 = 5

Jumla ni 32. Kwa kawaida 0 hadi 3 huhesabiwa kuwa hali nzuri, 4 hadi 18 hali ya mkazo, na 19 kwenda juu hali mbaya. Kaya ikawekwa katika orodha ya kwanza ya msaada wa fedha. Wiki hiyo pia Mama alianza kushona barakoa za kitambaa. Zilimwingizia alama 14 kwa mwezi, na jumla ya kaya ikapanda hadi 31. Faida ilianza kuyeyuka mara tu kila fundi wa jirani alipogeukia kazi hiyohiyo.

Wiki ya 9. Malimbikizo ya marejesho yalifika wiki saba, karibu alama 23. Kodi iliyodaiwa ilikuwa 28, na mwenye nyumba alikuwa ameanza kuja mlangoni. Mama akauza ovaloki. Barakoa haihitaji ovaloki, kwa hiyo mashine ilionekana kama mtaji uliolala. Alipata 48. Mashine ya namna hiyo iliyotumika ilikuwa ikiuzwa karibu 75 kabla ya janga, lakini sasa mafundi wengi walikuwa wanauza na hapakuwa na wanunuzi. Alilipa 23 za malimbikizo, 14 za kodi ya mwezi mmoja, na 11 zikaenda kwenye chakula. Deni la mashine lilibaki 36, na mashine yenyewe haipo.

Wiki ya 10. Mahojiano yalirudiwa na kipimo cha chakula kikatoa 16. Timu ya ufuatiliaji ilisoma kwamba kaya inapona na kuihamishia orodha ya pili. Orodha ya kwanza ililipwa wiki ya 11, ya pili wiki ya 14.

Wiki hiyo pia wazazi wote wawili walijibu dodoso la PHQ-9 la dalili za sonona, lenye maswali tisa na alama 0 hadi 27. Baba alipata 16, kiwango cha kati kinachoelekea kuwa kikali. Mama alipata 12, kiwango cha kati. Dodoso hili huchuja tu, halitoi utambuzi wa ugonjwa, na swali lake la tisa, linalohusu mawazo ya kujidhuru, halipaswi kuulizwa na mtu asiyejua atafanya nini jibu likiwa ndiyo. Kwa Baba jibu lilikuwa hapana, lakini alikuwa halali. Alitoka alfajiri hata siku ambazo gari lilikuwa la dereva mwingine, akakaa kituoni hadi jioni ili asiwepo nyumbani wakati wa mlo.

Wiki ya 11. Mama alisikia habari za kuahirisha marejesho kutoka kwa mdhamini wake mmoja. Aliomba, akakubaliwa ndani ya siku mbili. Riba iliyoongezeka kwa wiki zote 12 ilikuwa alama 2.

Wiki ya 12. Ndugu alipendekeza Binti aende kufanya kazi za nyumbani kwa familia nyingine kwa mshahara wa alama 6 kwa mwezi. Mama alikataa. Aliweka hesabu wazi: Binti ndiye aliyekuwa akimlea mdogo na kumwangalia Bibi, na akiondoka, saa za kushona zingepotea na barakoa zenye thamani kubwa kuliko 6 zisingeshonwa. Alikuwa pia na sababu nyingine isiyohitaji hesabu: alijua wasichana wawili waliokwenda namna hiyo na hawakurudi shuleni.

Wiki ya 14. Zilifika alama 30, malipo ya mara moja. Kabla ya kuzitumia, wazazi walikaa na mhudumu wa jamii wakaandika mapato, madeni na tarehe zake katika karatasi moja. Ilikuwa mara ya kwanza tangu janga lianze kwa wawili hao kuona namba zote pamoja. Ndipo Baba alipokumbuka ule ujumbe alioufuta, na ndipo siri ya vidonge vya Bibi ilipojulikana, kwa sababu mstari wa dawa haukulingana na tarehe za kliniki. Waligawa hivi: chakula 12, vitambaa na nyuzi 7, kodi 6, dawa 5.

Wiki ya 16. Bibi aliamka na kichwa kikali na kizunguzungu. Vipimo vilionyesha 190/110. Alilazwa usiku mmoja, kwa gharama ya alama 11. Kikundi kilikuwa kimeruhusiwa kukutana siku mbili kabla, na akiba ya 9 ikatoka yote hapo, 2 zikaazimwa. Kliniki ilimpa dawa za miezi mitatu kwa mkupuo.

Wiki ya 30. Shule zilifunguliwa. Wateja wa sare wakarudi kwa kishindo, na Mama akalazimika kupeleka kila sare kwa fundi mwingine ikapigwe ovaloki. Malipo yalikula sehemu moja ya tano ya faida yake. Kibaya zaidi ni foleni: msimu wa sare ni wiki tatu au nne, na kila siku ambayo nguo inasubiri ni mteja anayekwenda kwingine.

Matokeo baada ya wiki 52

Mapato yalikuwa 76: Baba 46, sare 19, marekebisho 11. Mkopo ulimalizika wiki ya 35. Malimbikizo ya kodi yalikuwa 8. Kipimo cha chakula kilishuka hadi 3. PHQ-9 ya Baba ilikuwa 7 na ya Mama 6, zote dalili hafifu. Shinikizo la Bibi lilidhibitiwa. Watoto wote wanaosoma walirudi shuleni, Binti akiwa amechelewa wiki tatu, na ufaulu wake katika somo la hesabu uliporomoka kwa sababu wakati wa kufungwa masomo yalipatikana kwa simu, na simu ilishinda kituoni na Baba. Akiba ilikuwa sifuri. Ovaloki haikuwepo.

Uchambuzi

Alama nzuri iliyodanganya

Kipimo cha chakula kilishuka kutoka 32 hadi 16 kwa sababu mashine iligeuzwa chakula na muda wa kupumua. Kipimo hakikukosea, kilijibu swali kililoulizwa. Kosa lilikuwa kukisoma peke yake. Kaya ikiuza nyenzo ya kazi, chakula huboreka kwa wiki chache na uwezo wa kupata chakula huharibika kwa miaka. Kaya hii iliadhibiwa mara mbili: ilipoteza mashine, na kuipoteza kukaisogeza nyuma kwenye foleni ya msaada kwa wiki tatu. Makosa ya aina hii huangukia zaidi wale wenye kitu cha kuuza. Hao hasa ndio ambao msaada mdogo wa mapema ungeweza kuwazuia wasizame.

Je, ovaloki ingeweza kuokolewa?

Ni rahisi kusema Mama aliharakisha. Tuitazame hesabu. Katika 48 za mauzo, 23 zilikwenda kwenye malimbikizo. Kama uahirishaji ungeombwa wiki ya 5, malimbikizo yangekuwa 6.5 tu, na gharama ya kusubiri ni alama 2. Kodi ya 14 huenda ingeongezewa muda, maana baadaye mwenye nyumba huyohuyo alipokea malipo kidogo kidogo kwa karibu mwaka mzima. Alichokosa Mama wiki ya 9 ni tarehe iliyoandikwa, na ahadi ya mdomo iliyokwisha muda humfanya mdai aje mlangoni. Zinabaki 11 za chakula. Hizo hazikuwa na mlango mwingine. Akiba ya 9 ilikuwa chini ya kufuli tatu na msaada ulikuwa wiki tano mbele.

Kwa hiyo pengo halisi lililoiondoa mashine yenye thamani ya 75 lilikuwa kama alama 11. Msaada wa 30 katika wiki ya 14 ulisaidia, na wanafamilia wanasema hivyo kwa shukrani. Lakini 10 katika wiki ya 5 zingefanya kazi kubwa kuliko hizo 30.

Ukimya ndani ya nyumba

Mambo matatu yaliyogharimu zaidi yalikuwa siri: malimbikizo ya Mama, ujumbe wa Baba, vidonge vya Bibi. Mama na Bibi walificha ili wasiwaongezee wengine mzigo; Baba hakujua alichokifuta. Shirika la Afya Duniani liliripoti kwamba wasiwasi na sonona viliongezeka kwa asilimia 25 duniani katika mwaka wa kwanza wa janga. Ndani ya nyumba moja ongezeko hilo huonekana hivi: mtu anakwepa mlo, au anafuta ujumbe bila kuumaliza. Msongo wa mawazo haukuwa tokeo la umaskini tu. Ulikuwa pia sababu ya maamuzi mabaya ya fedha, kwa kuwa asiyelala hasomi ujumbe mrefu wa taasisi ya mkopo.

Karatasi ya wiki ya 14 ilichukua chini ya saa mbili na haikugharimu kitu. Safu zake zilikuwa nne: kinachoingia, kinachodaiwa, tarehe ya mwisho, na nani ameshazungumza na mdai. Safu ya nne ndiyo iliyofichua mengi, kwa sababu karibu yote ilikuwa tupu.

Dawa

Kuruka vidonge kuliokoa takriban alama 6 kwa wiki kumi na kugharimu 11 kwa usiku mmoja. Ingekuwa kiharusi, hesabu isingekuwa na mwisho. Mara nyingi shinikizo la damu halitoi dalili linapopanda taratibu, kwa hiyo anayeruka dozi huona hajadhurika na huendelea. Katika ufuatiliaji wa kaya, “je, mna dawa?” ni swali dhaifu, maana Bibi angejibu ndiyo bila kusema uongo. Vidonge vihesabiwe na vilinganishwe na tarehe ya kliniki.

Kilichofanya kazi

Barakoa zilileta alama 14 kwa mwezi wakati mgumu kuliko yote. Uamuzi wa kutomtoa Binti ulisimama, na tukio hilo linastahili uzito, kwa kuwa mshahara wa 6 ulikuwa takriban sawa na alichokuwa akipata Baba kwa wiki mbili nzima na hakuna aliyekuwa akiwasaidia wazazi kukataa. Dawa za miezi mitatu kwa mkupuo ziliondoa safari za kliniki na kishawishi cha kuruka dozi.

Kikundi nacho kilirekebisha katiba yake. Sasa wenye funguo watatu pamoja na mweka hazina wanaweza kulifungua sanduku bila mkutano pale mikusanyiko inapozuiwa. Mwanachama anaweza kutoa hadi nusu ya hisa zake, na kila utoaji hutangazwa kwa simu kwa wanachama wote siku hiyohiyo.

Fomu ya ufuatiliaji

Baada ya kisa hiki fomu iliongezewa maswali mawili, yanayoulizwa mara tu baada ya yale matano ya chakula: katika siku 30 zilizopita, je, kaya imeuza, imeweka rehani au imeazimisha kitu kinachotumika kuingiza kipato? Na kitu hicho kilikuwa kikiingiza kiasi gani kwa mwezi? Jibu la kwanza likiwa ndiyo, kaya haiondolewi katika orodha ya kwanza hata kipimo cha chakula kikishuka chini ya 19.